Mtu Asiyeweza Kusindikiza Wageni

Sogea karibu unisikilize vizuri. Jambo lenyewe si gumu, ila linataka utulivu. Mwezi uliopita tulimzika Mama Anjela kule Daa. Nilisimama nyuma kidogo, pamoja na wanawake wa jumuiya, nikitazama udongo mwekundu ukishuka, na nikawaza kwamba kati ya watu wote waliojaa pale shambani, wachache mno walimjua akiwa bado kijana, mwenye hasira, ameshafunga nguo zake kwenye kiroba ili amwache mumewe. Walimjua kama mjane mpole aliyemtunza mume mgonjwa mpaka mwisho. Padri alimsifia hilo, na watu wakaitikia. Mimi niliitikia pia. Lakini nilikuwa nyumbani kwake mwaka ule kiroba kilipofungwa, na mwaka huo ndio ulionifundisha uuguzi kuliko chuo. Sasa nimestaafu, magoti yananisumbua, na nimeona nikusimulie kabla kumbukumbu haijaanza kunipunja.

Kwanza nikueleze ugonjwa, ili tusipotezane njiani. Kuna ugonjwa wa kurithi, adimu sana, unaoharibu polepole sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayosawazisha mwendo. Mtu huanza kuyumba kama aliyekunywa, na hajanywa. Kisha mkono unakosea kikombe, ulimi unakuwa mzito, maneno yanatoka yakiburuzana. Mzazi akiwa nao, kila mtoto anaweza kuupata au kuukosa, na kwa kumtazama tu hutajua ni yupi mpaka umri ufike. Hayo ndiyo yanayoonekana. Lakini ubongo haupo kwa ajili ya miguu peke yake. Mgonjwa huyo huyo anaweza kukosa usingizi, kuchoka bila kufanya kazi, kuumwa mwili, kushindwa kuzuia mkojo, kuhuzunika, au moyo wake ukapoa tu, akawa hataki kitu wala hachukii kitu. Daktari niliyefanya naye kazi mwaka ule aliziita dalili zisizo za mwendo. Hizi huzioni ukiwa umekaa kwenye kiti cha mgeni, lazima uambiwe. Kazi yetu mwaka ule ilikuwa kuambiwa.

Nilikuwa nimepanga chumba Karatu mjini, nyuma ya duka la Mama Zuhura, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukata kelele, aliyeuza mchele, viungo na majani ya chai. Kilichotenganisha kitanda changu na duka ni ukuta wa mbao, kwa hiyo nilijua bei ya iliki kabla sijanawa uso. Chumba kilinuka bizari na mafuta ya taa. Asubuhi Mama Zuhura alinipitishia chapati mlangoni, na nikiwa natafuna nilisikiliza wateja. Ndivyo nilivyolisikia jina la Gwandu kwa mara ya kwanza. Mwanamume mmoja alikuwa akisema, "Yule Gwandu wa Daa, aliyekuwa anapeleka watalii kreta, si wamemwachisha kazi? Anakunywa toka asubuhi. Juzi kaanguka pale stendi mchana kweupe." Mwingine akacheka, "Pombe za watalii hizo, za bure!" Mama Zuhura akawakatiza, "Nyie mna macho tu, pua hamna. Mtu anakuja hapa, anasimama hapo ulipo, simnusi hata tone. Na baba yake naye aliyumba hivyo hivyo mpaka akakaa chini moja kwa moja. Na baba yake naye alilewa za watalii?" Wakalipa, wakatoka. Nikaweka chapati chini, nikavaa viatu, nikaenda kumwambia daktari.

Daktari Aika alikuwa ametoka Moshi kuja kutafuta familia zenye ugonjwa huo katika wilaya zetu mbili, Karatu na Ngorongoro. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mtaalamu wa mishipa ya fahamu, na aliendesha mwenyewe gari kuukuu la hospitali kwa namna iliyonifanya nisali. Alikuwa na dodoso zuri, lililoandaliwa kwa uangalifu, lenye maswali juu ya usingizi, maumivu, uchovu, choo, huzuni na hamu ya mambo. Tulikuwa tunaingia nyumbani kwa mgonjwa, tunaamkiana, tunaketi, na mimi naanza kusoma maswali. "Usiku unalalaje?" "Salama." "Mwili una maumivu?" "Hamna, tunamshukuru Mungu." "Moyoni uko vipi?" "Mzima." Mgonjwa anatetemeka mpaka kiti kinagonga ukuta, lakini moyoni mzima. Siku moja Daktari Aika alizima gari katikati ya barabara ya vumbi, akaniangalia. "Sista," akasema, "kwa majibu haya inabidi mimi na wewe tuuombe huu ugonjwa. Hawa ndio watu wenye furaha kuliko wote Tanzania." Tulicheka, lakini yeye hakucheka mpaka mwisho.

Nadhani umekwisha kuona kosa letu lilikuwa wapi, na ni kosa ambalo sisi watu wa hapa hatukupaswa kulifanya. Kwetu mgeni akikuuliza habari, habari ni nzuri. Hata kama ng'ombe amekufa usiku, habari ni nzuri, kisha baadaye sana, chai ikishanywewa, ndipo unapotaja ng'ombe. Sisi tuliuliza maswali ya hospitali mahali pa salamu, tukapewa majibu ya salamu. Tulijaribu kusubiri chai. Haikutosha, kwa sababu wakati wa chai nyumba hujaa: mama mkwe, jirani, mtoto wa shangazi, wote wamekuja kumwona daktari. Nani atasema mbele ya mkwewe kwamba hawezi kuzuia mkojo?

Jibu tulilipata Nainokanoka. Tulipita geti la Loduare, la kuingilia hifadhi ya Ngorongoro, asubuhi, ukungu umefunga ukingo wa kreta hata taa za gari hazikusaidia, na tulipofika bomani kwa mgonjwa wetu Koko Naserian, koko maana yake bibi kwa Kimaa, baridi ilikuwa imeingia mpaka kwenye meno. Ndani ya nyumba yake kulikuwa na moshi, joto na giza jema. Tulipewa chai ya maziwa yenye ladha ya kibuyu kilichofukizwa, tukanywa tukiwa tumebanana magoti. "Takwenya, Koko," nilimwamkia, naye akaniitikia "Iko," akiwa amelala ubavu, maana kukaa kulikuwa kumemshinda. Mkwewe, mke wa mwanawe, alinitafsiria maswali kwa Kimaa. Koko alilala vizuri. Koko hakuumwa popote. Koko alimtania Daktari Aika kwamba ni mwembamba kama fimbo ya mchungaji wa ndama, na daktari gani huyo asiyejilisha mwenyewe. Tukaaga. Yule mkwe akatoka nasi kutusindikiza mpaka lilipo gari, kama ilivyo desturi, na tulipovuka tu mlango wa zizi akaanza kusema bila kuulizwa. "Halali. Anapiga kelele usingizini, anarusha mikono, amenipiga jicho. Mchana analia akidhani hatumwoni. Anasema miguu inaungua." Alisema yote hayo katika kipande kifupi cha njia, akitazama mbele, shuka lake limejaa umande. Kisha akatupa mkono, akarudi.

Tuliingia ndani ya gari. Nikamwambia daktari kwamba kwetu maneno ya kweli husemwa njiani, wakati wa kumsindikiza mgeni. Ndani ni pa heshima. Njiani mnatembea sambamba, hamtazamani usoni, na mgeni anaondoka, hivyo unaweza kumwachia mzigo aondoke nao. Daktari Aika akagonga usukani kwa kidole. "Kwetu pia ni hivyo," alisema. "Nilikuwa nimesahau. Lakini hebu fikiria, Sista. Tunasindikizwa na nani? Na wakwe, na wake, na majirani. Mgonjwa wetu hatembei. Yeye hatusindikizi kamwe." Tangu siku hiyo nimeuona ugonjwa ule kwa sura nyingine. Watu husema umemnyang'anya mtu miguu. Ulikuwa umemnyang'anya pia ile njia fupi kutoka mlangoni hadi barabarani, mahali pekee ambapo angeweza kusema.

Nyumbani kwa Gwandu, Daa, palikuwa juu ya mteremko wenye shamba la maharage na mbaazi, nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoijenga enzi za mshahara. Sebuleni kulikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono, kalenda ya kanisa, na picha ya Gwandu amevaa sare ya udereva, mkono mmoja kiunoni, nyuma yake kreta yote. Picha ile ilicheka. Mtu aliyekaa chini yake hakucheka. Alikuwa na umri wa kama miaka arobaini, ameegemea mto, mikono juu ya magoti ili isirukeruke, na uso mtulivu kama ukuta uliopakwa chokaa. Mkewe, Martha, ambaye wote tulimwita Mama Anjela, alitutengea viazi vitamu vya kuchemsha, maziwa mgando na chai, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, ungo wa maharage mapajani. Alichambua kwa haraka. Kila punje mbovu aliitupa nje kama iliyomkosea. Binti yao Anjela, mtoto wa shule ya msingi, alikuwa akiimba uani. Gwandu alijibu maswali yote: salama, hamna, mzima. Martha hakuinua kichwa.

Alitusindikiza yeye. Tulipofika kwenye mikaratusi iliyo kando ya barabara alisimama. "Daktari, mimi sina la kuficha," alisema. "Kuyumba kwake nimekuzoea. Hata wakisema mlevi, nawaacha waseme. Lakini huyu mtu hanitaki tena, na hataki hata kulificha hilo." Akatueleza. Mama yake mzazi alikuwa amefariki Mbulu wiki chache kabla. Martha alipopigiwa simu alipiga yowe, akaanguka chini sebuleni. Gwandu akamtazama. Akasema, "Sawa." Kisha akauliza kama ugali uko tayari. "Mama yangu aliyemlisha yeye," Martha alisema. "Aliyemwita mwanangu. Nikamwuliza, Baba Anjela, umesikia? Akasema nimesikia, mama yako amekufa. Vile, kama anataja jina la stendi. Kaka zangu wakishavuna watakuja na gari kunichukua. Nimeshafunga nguo. Mke anavumilia ugonjwa, Daktari. Dharau hapana." Alisema hivyo bila kulia, na akageuka.

Sasa unaelewa kilichokuwa hatarini. Kuna mtu anayeweza kuachwa peke yake akiwa hawezi hata kujinyanyulia maji, na kuna mke anayeamini kwamba amedharauliwa, na kati yao yapo maneno ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia kutoka kwa mwenyewe. Daktari Aika hakutaka kukisia. Moyo uliopoa, aliniambia, unaweza kuwa ugonjwa, unaweza kuwa huzuni, na unaweza kuwa ndoa iliyokufa tu, maana ndoa nazo hufa bila ugonjwa wowote. Ilibidi tumsikie Gwandu. Basi tuliporudi mara nyingine, tulipokwisha kunywa chai, nilisimama nikasema mbele ya wote, "Leo Baba Anjela atatusindikiza." Jirani mmoja aliyekuwa pale akaguna. "Kwa miguu ipi?" Daktari akajibu, "Kwa ya gari. Atatusindikiza mpaka lami, kisha sisi tutamsindikiza arudi. Kwani wageni hawasindikizi?" Watu wakacheka, na tukamwinua, mimi bega la kushoto, jirani la kulia, tukamketisha mbele. Martha alitazama kutoka mlangoni, ungo mkononi.

Mwanzoni alizungumzia udereva tu, na sauti yake nzito ikafunguka kidogo. "Daktari, hiyo gia inalia." "Inalia kwa sababu ni kuukuu." "Inalia kwa sababu unaionea. Kanyaga klachi mpaka chini. Wewe ungekuwa na wazungu nyuma, wangeshashuka." Nilicheka kwa nguvu huko nyuma. Yeye alisema utani wote ule kwa uso ule ule wa chokaa, na hapo nikaanza kuogopa. Daktari akaegesha mahali ambapo mashamba yanaanguka kuelekea bondeni. Hakuzima injini, nadhani kwa makusudi, ili tuwe kama watu walio njiani. Wote tulitazama mbele. Akauliza, bila dodoso, "Gwandu, siku ile mama mkwe alipofariki, ilikuwaje?"

Alijibu akitazama bondeni. Nitakusimulia maneno yake yakiwa yamenyooka, ingawa yalitoka moja moja. "Nilijua natakiwa kulia," alisema. "Nilimwona Martha chini. Nikajiambia, Gwandu, huyo ni mama yako pia, lia. Nikatafuta. Ni kama kuwasha gari, unazungusha ufunguo, hamna hata mlio. Sasa nikafanya kitu ninachokijua. Ilikuwa saa ya kula, nikauliza chakula." Akaendelea, "Hata Anjela akija na karatasi za shule, amefaulu, najua ni jambo zuri. Najua kwa kichwa. Usiku nakaa macho namwangalia Martha, nasema huyu nampenda, kwa sababu nakumbuka kwamba nampenda. Lakini pendo lenyewe halinipandi hapa." Alijaribu kugusa kifua, mkono ukampiga shavuni. Nikamwuliza kwa nini hakumwambia mkewe. "Nimwambie nini? Kwamba sina kitu? Akiniuliza mbele za watu nasema mzima. Tukiwa wawili ananuna, hataki kusikia. Nyinyi mwambieni. Mimi nikisema ataona najitetea."

Tulimrudisha. Jirani na watoto Daktari aliwaomba watoke nje, tukabaki wanne sebuleni chini ya ile picha. Daktari Aika alieleza taratibu, kwa maneno ambayo nimeyatumia tangu hapo maisha yangu yote: kwamba sehemu ile ya ubongo iliyoharibika haisawazishi miguu tu, husaidia pia kusawazisha hisia, na kwamba mtu anaweza kupoteza msukumo wa kufurahi na kulia kama anavyopoteza hatua, wala si kwa kupenda. Akamwambia yale Gwandu aliyoyasema garini, mbele ya Gwandu mwenyewe, akisimama kila mara kumwuliza, "Ni hivyo?" na Gwandu akiitikia, "Ni hivyo." Martha alisikiliza akiwa amekamata ungo kwa mikono miwili. Maharage hayakusogea.

"Kwa hiyo ni ugonjwa," alisema.

"Ni ugonjwa, Mama Anjela."

"Na dawa?"

"Ya kumsaidia usingizi ipo. Ya huzuni ipo, na tutajaribu. Hili la moyo kupoa, sitakudanganya. Sijui dawa itakayomrudisha alivyokuwa."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kuona ahueni. Nilikuwa kijana, nilidhani mtu akiondolewa kosa lisilokuwepo hupumua. Martha aliweka ungo chini, akamtazama mumewe usoni kwa muda, kisha akatutazama sisi, na kwa mara ya kwanza machozi yakamshuka. "Basi mngeniacha na hasira yangu," alisema. "Mtu mwenye dharau anaweza kutubu. Nilikuwa nasubiri atubu. Sasa mnaniambia hakuna wa kutubu." Gwandu akamtazama akilia, akageuka kwa daktari, akauliza kwa upole kabisa, "Nifanye nini sasa?" Sijawahi kusikia swali lililonivunja moyo kama lile. Aliuliza kweli. Hakujua.

Kaka zake Martha walikuja kama walivyoahidi, na gari aina ya kenta la kubebea mazao. Siku hiyo nilikuwa pale nikimpimia Gwandu presha, na nilisikia kila kitu kupitia dirishani. "Dada, leta mizigo, jua linaenda." "Siendi." "Huendi? Ulitupigia simu ukilia!" "Ni mgonjwa." "Miguu tunajua mgonjwa. Tulikuja kwa ajili ya kiburi." "Na kiburi chenyewe ni ugonjwa." Wakacheka, cheko la watu waliosafiri bure. "Tangu lini kiburi kikawa ugonjwa? Basi shemeji apewe cheti, na mimi nikakichukue, nina kiburi toka nizaliwe." Martha hakucheka. Aliwapikia makande, wakala uani, na mkubwa wao alipoingia kuaga alimshika Gwandu mkono, akaushikilia muda mrefu huku ukirukaruka. "Pole, shemeji," alisema. "Asante," Gwandu akajibu. Kenta ikateremka tupu. Kiroba cha nguo kilibaki nyuma ya mlango kwa majuma, hakuna aliyekifungua, kisha siku moja nikaona kanga zake zimeanikwa.

Miezi iliyofuata tulikwenda mara nyingi. Gwandu alianza kulala kidogo kwa dawa, na uzito wa mwili ukarudi. Martha naye alibuni njia yake, bila kufundishwa na yeyote. Kila jioni kabla ya kula alimwambia, "Baba Anjela, sasa niulize nimeshindaje." Naye aliuliza, "Umeshindaje, Martha?" Na yeye alimweleza: maharage, bei, mwalimu wa Anjela, mbuzi wa jirani, na Gwandu alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Alimfundisha pia kusema pole, na kusema hongera, na lini. Mtoto akileta karatasi, Martha alimkonyeza, naye akasema, "Hongera, mwanangu, nimefurahi." Anjela alikuwa akiruka kwa furaha. Nilikuwa nikitazama hayo na uji mkononi, na nilikuwa sijui nitazame wapi. Utaratibu wenyewe ulikuwa mzuri. Ndio maana uliuma.

Mwisho wa mwaka ule Daktari Aika alirudi Moshi, na safari yetu ya mwisho ilikuwa Daa. Dodoso lilishajaa, lilikuwa na usingizi wa Gwandu, maumivu ya Gwandu, uchovu wa Gwandu. Martha alitusindikiza mpaka kwenye mikaratusi, na Daktari akamwuliza, "Na wewe, Mama Anjela, unalalaje?" "Salama," alisema Martha. Daktari hakuingia garini. Alisimama tu, mikono mfukoni, akitazama barabara. Nami nikasimama. Martha akavuta kanga. "Silali," alisema mwishowe. "Nasikiliza kama anapumua. Mgongo unaniuma kwa kumwinua. Na kuna jambo jingine, ni la kijinga. Kuna jioni nanyamaza makusudi. Sisemi niulize. Natenga chakula, nakaa, nangoja nione kama ataniuliza mwenyewe nimeshindaje." Tulimngoja amalize. "Anakula," alisema. "Anasema asante. Anakula." Kisha akasema tusimwambie mtu, watu wasije wakamfikiria vibaya kwa kumjaribu mgonjwa, akaondoka haraka kupandisha njia ya nyumbani.

Gwandu aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, akafa kwa homa ya mapafu, kama wagonjwa wengi wa namna hiyo ambao chakula kimeanza kupotea njia kooni. Martha hakuolewa tena. Na mwezi uliopita, baada ya mazishi yake, tulipokuwa tukila wali kwenye sahani za kuazima, Anjela alikuja akakaa karibu nami. Sasa ni mwanamke mzima, ana watoto. Damu yake hajapima, na hiyo ni haki yake, sikumwuliza. Yeye ndiye aliyeniuliza. "Sista, Mama alibaki kwa kumpenda Baba, au alibaki kwa sababu mlimwambia ni ugonjwa?"

Nimewaeleza watu mambo mengi maishani, na napenda kueleza. Hilo sikuweza. Nilimwambia kwamba mama yake alikuwa na jioni za kunyamaza makusudi, akingoja kuulizwa. Nilimwambia kwamba mtu asiyependa hangojei kitu cha namna hiyo. Anjela alitazama sahani yake. "Mpaka lini?" aliuliza. "Alingoja mpaka lini?" Nikasema sijui. Nadhani mpaka mwisho, lakini sijui, na sikutaka kumpa mtoto wa watu makisio siku ya msiba wa mama yake. Aliegemea bega langu, akalia, nami nikamshika mpaka wali ukapoa.

Kwa hiyo, wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, huenda mtaani kwako kuna nyumba yenye mgonjwa wa muda mrefu. Nenda wiki hii. Msalimie mgonjwa, unywe utakachopewa, kisha mtafute anayemtunza, mkae mahali pasipo na watu, umwulize yeye analalaje. Atakuambia salama. Usinyanyuke. Kaa kimya mpaka aseme tena.